Televisheni Isiyo na Kisogo

Chino, 3 Machi 1985

Kwa mwanangu Kazuyo,

Kabla sijasema lolote nakusalimu, kisha uzipokee za wengine kwa zamu, maana wote wamekaa hapa mezani na kila mmoja anataka atajwe. Bibi yako anakusalimu. Kikohozi kimemwacha, ulimi haujamwacha. Shuji mdogo wako anakusalimu. Barua za watu anazipeleka vizuri na mkuu wa posta anamsifu, lakini akirudi jioni wimbo wake ni mmoja tu, magogo ya sikukuu ya mwakani, nani atavuta kamba, nani atapanda juu yake kushuka mlima. Paka anakusalimu kwa kulalia karatasi hii. Bi Momoe jirani anakusalimu sana, tena sana, na sababu utaijua. Marehemu baba yako nimempa chai yake asubuhi pale madhabahuni na nimemwambia nakuandikia, hakukataa.

Mimi ni mzima. Mikono imepasuka kwa baridi, lakini ndiyo mikono ya watu wa kanten, jeli ya mwani. Msimu umekwisha wiki hii, tumekunja mikeka ya mwisho kule shambani. Mwaka huu mwani wetu uliganda vizuri na kukauka vizuri, mweupe kama karatasi. Nimekufungia kidogo.

Sasa neno lenyewe. Bi Momoe ameleta picha ya kijana. Ni Yazaki, wa wale wenye uwanja mkubwa wa kanten kule juu. Meno yote yapo, na hanywi kupita kiasi. Mwenyewe unajua mwakani ni mwaka wa kusimamisha magogo hayo yawe nguzo za hekalu, na mwaka wa nguzo huku kwetu hakuna anayeoa wala anayejenga. Usipoolewa mwaka huu, ni kungoja mpaka wa themanini na saba, nawe utakuwa umefika ishirini na tisa. Silazimishi. Picha ndiyo hiyo nimeitia.

Na uniambie kitu kimoja, maana watu wananiuliza nami nababaika: kazi yako huko Himeji ni nini hasa?

Mama yako,
Tokie


Himeji, 21 Aprili 1985

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mpe Bibi shikamoo yake, mwambie ulimi asiupumzishe. Shuji mwambie ajiangalie na hayo magogo, nina mdogo mmoja tu. Baba mwongezee chai kwa niaba yangu. Kanten imefika, wenzangu wa bwenini wameila na sharubati ya sukari guru wakasema haijawahi kutokea. Samahani nimechelewa kujibu.

Umeniuliza kazi yangu. Televisheni yetu ya nyumbani ina kisogo kirefu kwa sababu ndani mna chupa kubwa ya kioo. Sisi tunatengeneza isiyo na kisogo. Ni vioo viwili vyembamba vimelazwa pamoja, na katikati tumetia kimiminika cha ajabu: kinatiririka kama mafuta, lakini chembe zake zimejipanga zote zikitazama upande mmoja, kama zile za kito. Ukikipa umeme kidogo chembe zinageuka, na mwanga unapita au unazuiwa. Picha nzima ni vidoti vya mwanga huo, na nyuma ya kila kidoti kuna swichi yake, ndogo kuliko ncha ya sindano. Swichi hizo hatuzichongi. Tunazitandaza juu ya kioo kutoka kwenye gesi, utando juu ya utando. Siku moja utaitundika ukutani kama kalenda.

Na mimi kazi yangu humo ni kupangusa vioo. Asubuhi hadi jioni, kwa kitambaa cha mahameli.

Huku maua yameshapukutika. Mchuzi wa tambi ni mweupe, ile rangi ya maji ya kuoshea mchele, ila nimeanza kuuzoea.

Mwanao,
Kazuyo


Chino, 2 Mei 1985

Mwanangu Kazuyo,

Salamu kutoka kwa wote, leo nitazifupisha maana moyo hauko sawa. Bibi mzima, Shuji mzima, paka amezaa ndani ya kabati la magodoro.

Barua yako ilipofika Bi Momoe alikuwepo. Shuji, huyu mtoto mdomo wake hauna breki, akaisoma kwa sauti mpaka mwisho. Bi Momoe akaweka kikombe chini.

"Anapangusa vioo?"

"Ndivyo alivyoandika," Shuji akasema.

"Na chuo kikuu chote kile?"

Bibi yako naye akadakia, "Hata mimi napangusa vioo kila mwisho wa mwaka, tena bila cheti."

Nilicheka nao, nikaingia jikoni, nikakaa. Kazuyo, mimi sikusoma, lakini si mjinga. Mwaka juzi yule binti wa mji wa Okaya aliajiriwa na shahada yake, wakampa birika, mpaka leo anawamiminia chai wanaume. Kumbe wewe ndiyo wamekupa kitambaa? Yale mambo ya kito na gesi umeyaandika kunifariji, si ndiyo? Kama wamekugeuza mfagiaji, sema. Hakuna atakayekucheka hapa. Bibi atakucheka, lakini huyo anamcheka kila mtu.

Nimekutumia mkanda wa sufu wa tumbo, nimeufuma mwenyewe, mwekundu. Mtu anayeshika maji ya kuoshea vioo kutwa nzima, baridi humwingia tumboni. Uuvae kila siku.

Na ile picha hukuisema hata neno. Bi Momoe ameniuliza nikamwambia tutafikiri. Nijibu upesi.

Mama


Himeji, 9 Juni 1985

Mama mpendwa,

Shikamoo, na shikamoo ya Bibi ikae peke yake kwenye sahani, asije akasema nimemchanganya na watu. Watoto wa paka msiwagawe wote.

Mama, nimecheka mpaka nikatoka machozi, halafu nikaona aibu kwamba nimekutia wasiwasi. Si mfagiaji. Vioo vyenyewe huwa ni visafi kabla sijavigusa, visafi kuliko chombo chochote cha hospitali. Kila kioo kina utando juu yake usioonekana kwa macho. Ukiupangusa kwa mahameli kwa kuelekea upande mmoja, na kwa nguvu ileile, basi kile kimiminika kikimwagwa juu yake chembe zote zinalala kufuata njia ya kitambaa, kama nywele zilizochanwa. Usipopangusa, kila moja inatazama inakotaka na picha inakuwa madoa. Kwa nini inakuwa hivyo, hata maprofesa bado wanabishana. Sisi tunapangusa wakati wao wanabishana. Ukikandamiza sana, zile swichi zinakufa kwa umeme wa msuguano, ukilegeza, hazijipangi. Nilikaa mwaka mzima nikitafuta mkono unaofaa.

Sasa nikupe habari ya mkanda wako. Chumba chetu kina baridi, nikauvaa ndani ya lile vazi jeupe linalotufunika mpaka tunabaki macho tu. Juma lililofuata wakaanza kuona kwenye vioo uzi. Uzi mwekundu, mwembamba, mmoja hapa, mmoja pale. Kioo kizima kinatupwa kwa uzi mmoja. Mkuu wetu, Bwana Kusaka, akatupanga mstari nje ya mlango kama wanafunzi.

"Nani ana kitu chekundu mwilini?"

Halafu mzee Hibino wa mitambo ya gesi akainua mkono polepole. "Mimi nina chupi nyekundu. Mke wangu alininunulia ya bahati."

Watu wakaangua kicheko, Kusaka hakucheka. Akaagiza uzi uwekwe chini ya hadubini, ikaonekana ni sufu, si pamba. Mzee Hibino akasema, "Asante Mungu." Na mimi uso ukawa mwekundu kuliko huo uzi, nikasema, "Ni Mama yangu."

Sasa picha ya uzi wako imebandikwa ukutani, imekuzwa ukubwa wa kamba ya meli. Chini yake Kusaka ameandika: Upendo wa mzazi, usiingie nao.

Oktoba tuna maonyesho Tokyo. Tunatengeneza kioo kimoja cha kupeleka huko. Baada ya hapo ndipo nitajua mambo yangu.

Kazuyo


Chino, 14 Julai 1985

Mwanangu,

Tunakusalimu sote, na mimi nakusalimu nikiwa nimejifunika uso. Mungu wangu! Mkuu wako wa kazi ameutazama mkanda wa tumbo wa kijijini kwa hadubini! Bibi yako ameshika mbavu siku mbili. Kila akinitazama anasema, "Kamba ya meli," anaanza upya.

Nimemtumia Bwana Kusaka zawadi ya kiangazi, kopo la miso yetu ya soya ya miaka mitatu na aprikoti zilizokaushwa, na ndani nimeandika samahani. Shuji amenisahihishia. Mzee Hibino naye nimempa kopo lake, maskini, ametajishwa chupi yake mbele za watu kwa sababu yangu.

Nimefurahi hukugeuzwa mfagiaji. Nimewaeleza watu wote wa mtaa huu habari ya nywele zilizochanwa. Hawajaelewa, lakini wametikisa kichwa vizuri.

Umesema baada ya Oktoba ndipo utajua mambo yako. Mambo gani?

Sikukuu ya Bon, wafu wanaporudi kwao, njoo nyumbani, baba yako anakungoja kama sisi. Ukija, uje na lile gauni la buluu. Huenda wakapita wageni wawili watatu kunywa chai, si jambo kubwa. Nijibu upesi, ninunue matikiti.

Mama


Himeji, 5 Agosti 1985

Mama,

Shikamoo kwako na kwa Bibi. Miso imefika, Kusaka amekula supu mbili mfululizo na amesema umesamehewa. Mzee Hibino anakusalimu kama ndugu.

Sitaweza kuja Bon. Kioo chetu kimeanza kutoa mistari, mstari mzima wa vidoti unakufa kwa mpigo mmoja, na hatujui ni utando gani umekatika. Mwashie Baba taa, mwambie nitakuja.

Usiwaalike wageni kwa ajili yangu.

Kazuyo


Chino, 28 Agosti 1985

Mwanangu Kazuyo,

Bibi hajambo, Shuji hajambo, watoto wa paka wamebaki wawili. Baba yako alikuja na amerudi zake. Tulimwashia taa na nikamwambia uko kazini.

Wageni nilikuwa nimeshawaalika.

Nilikosa ujasiri wa kuwaambia wasije, basi wakaja. Yazaki mwenyewe, mama yake, na Bi Momoe katikati kama nguzo. Mimi nikatoa matikiti, nikazungumzia joto. Matikiti yakaisha, joto nalo likaisha. Bi Momoe akasema, "Na Kazuyo?" Nikasema, "Kazuyo ana mistari." Ndiyo maneno yaliyonitoka.

Mama yake akanitazama kama vile nimesema una surua. Lakini yule kijana akasogea mbele. "Mistari ya wima au ya ulalo?" Nikasema sijui, na ilikuwa kweli. Basi akauliza mambo yako mpaka chai ikapoa. Kioo kikubwa kiasi gani? Ukikikunja kinapasuka? Na kidoti kikifa kinaweza kufufuliwa? Mama yake anamkanyaga mguu, yeye anaendelea. Bibi yako akamwuliza, "Wewe umekuja kuoa mtu au televisheni?" Akacheka mpaka akapaliwa na tikiti.

Ni mtu mzuri, Kazuyo. Sisemi kwa kukushawishi. Nasema kwa sababu angekuwa mbaya ningelala usingizi. Amesema atangoja jibu mpaka mwisho wa Oktoba, na ikiwa ni ndiyo, harusi itakuwa Novemba, kabla ya mwaka wa nguzo. Nilikubali angoje. Hilo ndilo nililokuficha, sasa nimelisema.

Na wewe sema la kwako. Shuji alipiga simu bwenini, wakamjibu kwamba siku hizi unalala kiwandani. Mtu halali kiwandani kwa sababu ya maonyesho tu. Ni mambo gani hayo ya baada ya Oktoba? Usinipambie maneno.

Mama


Himeji, 15 Septemba 1985

Mama,

Shikamoo. Leo nimeandika salamu fupi ili nisipate pa kujifichia.

Ofisi kuu imechoka kutungoja. Wanasema miaka yote hii tumepika vioo na kuvitupa, na kampuni nyingine zinatupita. Kioo cha maonyesho kisipowaka vizuri mbele ya watu, idara yetu inafungwa mwisho wa Oktoba. Wanaume watagawiwa viwanda vingine. Mimi nimeshaambiwa kwa upole kwamba kwangu itakuwa vigumu kupata nafasi, na kwamba kwa umri wangu bila shaka nina mipango ya nyumbani. Sikukuambia kwa sababu ungesema njoo, na mimi kwa uchovu niliokuwa nao ningekuja.

Basi tuelewane. Kioo kisipowaka, narudi Chino, nitavaa lile gauni la buluu na nitamwona huyo Yazaki kwa moyo safi, si kwa kununa. Kikiwaka, nabaki, na usiniulize habari ya posa mpaka nguzo za hekalu zisimame na mwaka wake uishe. Unakubali?

Mistari imekwisha. Mzee Hibino ndiye aliyegundua: utando mmoja ulikuwa unapasuka pembeni kila unapopanda juu ya mwingine, kama shuka fupi kwenye kona ya godoro. Tumelainisha kona. Sasa zamu yangu, nipanguse kioo cha mwisho. Mkono wangu unatetemeka, Mama. Haujawahi kutetemeka.

Kazuyo


Chino, 23 Septemba 1985

Mwanangu mpendwa,

Bibi yako anakusalimu, na safari hii hakuongeza kitu. Shuji anakusalimu.

Barua yako niliisoma peke yangu, polepole, maneno mengine mara mbili. Kisha nikavaa vizuri nikaenda hekaluni. Nimefika pale mbele, nimepiga makofi yangu mawili ya sala, nikasimama. Sikujua niombe nini. Nikiomba kiwake, nakuombea uwe mbali. Nikiomba kisiwake, mama gani huyo? Nyuma yangu alikuwa mzee mmoja anasubiri, akakohoa. Nikamwambia, "Pita baba, mimi bado sijajua shida yangu." Akapita, akaomba, akaondoka, nami bado nimesimama.

Mwishowe niliomba. Nilichoomba ni kati yangu na hekalu.

Patano lako nimelikubali. Mkono ukitetemeka, weka kitambaa chini, kunywa kitu cha moto, ukae, halafu uanze. Mimi nikifunga mizigo ya kanten nikiwa na haraka hupasuka yote. Kula. Lala kitandani, si sakafuni. Niandikie hata mstari mmoja.

Mama


Himeji, 6 Oktoba 1985

Mama,

Kadi hii ni ya haraka. Kioo kimeondoka leo asubuhi, Kusaka amekipakata kwenye treni kama mtoto mchanga, amekataa kukiweka juu ya rafu. Kilipowashwa mara ya mwisho hapa kilikuwa na kasoro moja: kidoti cha kijani, chini upande wa kulia, hakikubali kuzima. Tumekiacha.

Mimi siendi. Nafasi zilikuwa za watu wa mauzo. Nitabaki hapa nikifagia kichwa changu. Naumia kidogo kwamba sitaona watu wakikitazama, basi.

Salamu kwa wote.

Kazuyo


Chino, 17 Oktoba 1985

Mwanangu Kazuyo,

Nakusalimu! Bibi anakusalimu, amekaa hapa kaniegemea bega ili nisiruke kitu, ingawa kitu chenyewe hakukiona. Shuji anakusalimu, miguu inamuuma. Bi Momoe anakusalimu kwa kununa kidogo, atapona. Paka na wanawe wanakusalimu. Baba yako nimemsimulia jana usiku kucha, nadhani na yeye amechoka kunisikiliza.

Najua Bwana Kusaka ameshakupigia simu, kwa hiyo habari kwamba idara haifungwi si yangu kukupa. Mimi nakupa ile ambayo hakuiona, maana alikuwa anainamia wageni.

Tulikuwepo, Kazuyo. Mimi na Shuji. Kadi yako ilipofika nilimwambia Shuji, "Omba ruhusa posta." Akasema, "Mama, Tokyo?" Nikasema, "Kwani Tokyo wanauma?" Tukapanda treni ya asubuhi. Nilivaa kimono cha kijivu, cha harusi za watu, na viatu vilinibana kuanzia stesheni ya Kofu.

Ukumbi ule ni mkubwa kama uwanja wa kanten wa Yazaki mara nyingi, na kelele zake kama soko. Tulipotea. Shuji akauliza, tukapotea vizuri zaidi. Mwishowe nikaona mahali watu wamejaa na wote wamefanya kitu kimoja cha ajabu: anafika mtu, anatazama mbele, anacheka, kisha anainama pembeni kutafuta kisogo. Anamwita mwenzake. Mwenzake naye anainama. Hakuna kisogo! Nikamwambia Shuji, "Ni pale."

Niliponda vidole vya watu mpaka nikafika mbele. Ni kidogo, mwanangu, kama sanduku la chakula cha mchana. Ndani yake samaki wa dhahabu wanaogelea. Wekundu, weupe, mmoja mweusi mwenye macho ya kutokeza, na maji yanameta, na mkia wa yule mweupe unapepea kama hariri ikianikwa. Sikuona vidoti. Nilisogea mpaka pumzi yangu ikatia ukungu kwenye kioo, msichana mwenye kofia akaniambia, "Mama, tafadhali." Nikarudi nyuma, akageuka, nikasogea tena. Pale ndipo nilipokiona kidoti chako cha kijani. Kimekaa chini kulia peke yake, samaki wote wanapita mbele yake wala hakijali. Nilimpenda huyo mkaidi.

Kulikuwa na mzee wa Tokyo, fundi wa televisheni, mikono yake ilisema. Akamwambia mwenzake, "Tumekwisha. Nitatengeneza nini humu? Hakuna hata pa kuingiza bisibisi." Lakini alikuwa anacheka, na hakuondoka. Kuna mtoto alilia alipoondolewa. Kuna Mzungu mrefu alipiga magoti, kweli alipiga magoti na suti yake, ili macho yawe sawa na samaki. Nilitaka kumwambia kila mmoja wao. Nilijizuia. Nilikuwa nimemwapia Shuji sitakutia aibu, nimekutia ya kutosha.

Basi nilisimama sana, mpaka mtu mmoja mwembamba mwenye miwani akaja, "Mama, miguu haijachoka?" Nikasema, "Namsubiri mweusi ageuke." Akasema, "Atageuka sasa hivi." Na akageuka! Shuji hakuweza tena. Akasema, "Huyu ni mama yake Kazuyo."

Bwana Kusaka aliinama mpaka nikaona utosi wake. Mimi nikainama, akainama tena, watu wakatuzunguka wakidhani ni sehemu ya maonyesho. Akaniambia wakubwa wa ofisi kuu walikuja asubuhi ile, wakakuta foleni imefika mpaka nje, wakanong'ona, wakaagiza kioo kijacho kiwe kikubwa kama ukurasa wa gazeti. Nikamshukuru. Kisha, usinikasirikie, nikamgombeza. Nikamwambia, "Bwana Kusaka, kioo hiki kimepanguswa na nani?" Akasema, "Na binti yako." "Na binti yangu yuko wapi?" Akavua miwani yake akaipangusa. Nikamwambia, "Watu wa mauzo wamekula chakula cha wapishi. Kikitoka hicho cha gazeti, aliyekipangusa asimame hapa, aone watu wakiinama." Shuji alitaka kuingia chini ya meza. Lakini Kusaka alisema, "Ndiyo, Mama," kama mtoto, na mimi nimelishika hilo neno.

Tuliporudi sikupita nyumbani. Nilikwenda kwa Bi Momoe na viatu vyangu vya kubana na picha ya Yazaki mkononi, nikampa. Akasema, "Yaani mwaka wa nguzo na wa baada yake, utakaa hivyo hivyo?" Nikasema, "Nitakaa. Binti yangu hayupo, yuko kazini." Na nilipolisema halikuniuma kama nilivyodhani lingeniuma. Liliniuma kidogo. Yazaki mwenyewe nilimwendea jana, nikamweleza. Alinitolea chai akanihoji kuhusu samaki mpaka jua likazama. Mwisho akaniambia Bi Momoe ameshamtajia msichana mwingine wa kijiji cha Hara, na kwamba angependa, kama si vibaya, siku mkianza kuuza, umjulishe yeye kwanza. Ni mtu mzuri. Sisemi zaidi, nimekubali patano.

Sasa jambo la haraka. Jana kwenye duka la tofu waliniuliza, nikasema kile kikubwa mmeshaanza kukitengeneza. Leo asubuhi habari imefika hekaluni, na mzee wa kamati ya nguzo amemsimamisha Shuji njiani na mfuko wake wa barua kumwuliza kama mwakani watu wataweza kutazama magogo yakishuka kwenye televisheni hiyo, imetundikwa ukutani pale ofisini kwao. Shuji akasema atauliza. Mimi nilikuwa karibu, nikasema bila shaka.

Kwa hiyo niandikie upesi, mwanangu, leo hii ukiweza, uniambie mnaanza lini. Na kama bado hamjaanza, anzeni.

Mama yako,
Tokie